Tausi Aliyekimbia Mkono

Baba Majivu alipewa jina hilo kwa sababu ya tausi wake, ingawa mkewe alidai hata shati lake lilichangia. Tausi wa buluu wamejaa kila penye bustani na mwenye kujiona. Wa kwake walikuwa wa rangi ya majivu, kuanzia kishungi hadi ncha ya mkia, na watu walitoka mbali kuja kuwakodolea macho.

Rangi hiyo ina maringo. Kifaranga haipati mpaka airithi kwa baba na kwa mama pia, kwa hiyo mzee aliwaoza wenyewe kwa wenyewe: baba kwa binti, kaka kwa dada. Na kila msimu alibakiza wapole tu. Kifaranga aliyeacha mkono umsogelee bila kushtuka ndiye aliyekuzwa awe mzazi. Mwenye kurukaruka aliuzwa. "Kwangu upole uko kwenye damu," aliwaambia wageni, kifua mbele.

Mkewe ndiye aliyemtoa tongotongo. Alikuwa anaanika nguo kando ya banda, akakunjua shuka zima mbele ya uso wa jike kipenzi cha mumewe, na jike asitikisike. Alipokohoa, ndege akaruka nusura avunjike shingo.

"Mume wangu, huyu si mpole," alisema. "Huyu haoni."

Daktari wa mifugo aliwapima wote. Wengi walikuwa wanapoteza macho kidogo kidogo kadiri walivyokua, na ugonjwa ulitembea na ukoo. Mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia bila kujificha. Miaka yote ile alikuwa anachagua vipofu kwa mkono wake mwenyewe na kuwasifia tabia.

Akaacha kuuza. Waliokwisha kununua aliwapigia simu, akawasihi wasizalishe ndege wale, akameza matusi waliyompa. Kisha akameza kigumu zaidi: akaenda kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, kuazima madume wawili wa buluu wasio na undugu na ndege wake. Ndege hao alikuwa amewacheka miaka nenda miaka rudi, akiwaita kuku wenye mikia.

"Karibu, shemeji," alisema mwenyeji. "Umefuata kuku?"

"Nimekuja kuposa."

"Basi mahari yangu ndogo tu. Kila asubuhi utawaamkia."

Na aliwaamkia kweli. "Shikamooni," alinong'ona kabla ya kumwaga chakula, na mkewe alijibana dirishani asisikike akicheka.

Vifaranga wote wa ndoa hizo walitoka buluu. Wageni wakaona hakuna jipya, wakakata mguu. Vifaranga walipokomaa, mzee aliwaoanisha waliotofautiana baba na mama, maana majivu yalikuwa yamejificha damuni mwao, akasubiri. Daktari hakuwa amempa ahadi: huenda upofu ulitokana na kuozana ndugu, huenda umegandana na rangi yenyewe. Kama umegandana, mzee alishaapa, majivu yataishia hapo hapo, na kipenzi chake atakuwa wa mwisho.

Katikati ya buluu tele akaanguliwa mmoja wa majivu. Mzee hakumpa jina. Alimwangalia akikua, roho ikiwa juujuu, mpaka akaota kishungi na kufikia umri ambao wenzake wa zamani walikuwa wameshaanza kugonga kuta.

Asubuhi moja alivua viatu, akaingia bandani, akachuchumaa. Akanyoosha mkono polepole, bila hata kupumua. Kifaranga alisimama tuli. Mkono ukasogea. Bado tuli. Mzee akataka kuurudisha mkono kabla haujamwambia yaliyobaki.

Ndipo kifaranga alipoinamisha kichwa upande, akautazama ule mkono, akamdonoa kidole na kutimka. Akaruka chombo cha maji bila kukigusa, akapenya kati ya majike wawili, akajificha nyuma ya gunia.

"Amekukimbia," alisema mkewe mlangoni.

"Amenikimbia," alisema mzee, machozi yakimtiririka. "Umeona alivyonikimbia?"

"Nimeona. Na kidole kinatoka damu."

Daktari alipokuja alipima yale macho, akasema ni mazima, lakini wasizalishe rangi hiyo kabla ndugu zake nao hawajakua na kupimwa. Mzee alikubali bila kubisha. Alikuwa anamsikiliza kwa sikio moja tu, maana alikuwa amechuchumaa tena, amenyoosha mkono kuelekea kwenye gunia, akimwomba kifaranga amkimbie mara nyingine.