Pipa la Maji ya Baraka

"Sasa maji ya baraka ndiyo unayakorogea uji," mwenyekiti wa kina mama alisema, ameng'ang'ania mshikio wa dumu lililojaa. Mfagiaji wa kanisa alikuwa ameung'ang'ania huo huo.

"Ni maji ya mvua, dada. Yameanguka kwenye paa, yakaingia pipani. Padri ameyaombea tu."

"Ameyaombea tu. Msikieni."

Mfagiaji hakuachia. Nyumbani, mjukuu wake alikuwa ameharisha mpaka hana tena cha kutoa, macho yameingia ndani. Mto uliokuwa ukinywesha mtaa mzima sasa ulishuka kutoka kiwanda cha ngozi na povu la kahawia, ukinuka kama mzoga. Daktari alisema mtoto apewe maji safi, kidogo kidogo, bila kukoma. Hakusema yapatikane wapi.

Paroko alitoka sakristia akijifuta mikono.

"Baba, Jumapili ulihubiri kwamba maji ni zawadi ya Mungu, tuyatunze," mfagiaji alisema. "Nami kwenye maombi ya waamini nikauombea mto. Nikamtaja na mwenye kiwanda anayeuchafua."

"Ulimtaja na yeye mwenyewe amekaa benchi la mbele, mama."

"Si ndiyo vizuri, asikie anavyoombewa."

Mwenyekiti alicheka kwa pua. "Na hilo paa linalokukingia maji, kalitoa nani? Akisusa, utatuezekea kwa ufagio wako?"

Paroko aliyatazama mabati mapya. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya upole, ile ya kwenye kitubio.

"Leo ni wewe. Kesho mtaa mzima utapanga foleni hapa na madumu, na watu watauliza kulikoni. Unanielewa, mama?"

"Mtoto anakufa, Baba."

"Tutamwombea."

Akamwagiza katekista chumvi. Maji yakibarikiwa hutiwa chumvi kidogo, ya kushika kwa ncha za vidole, na mfagiaji mwenyewe ndiye aliyezoea kukishika kisahani. Safari hii katekista alikuja na gunia begani. Paroko akavaa stola, akasoma sala yote bila kuruka neno. Mwenyekiti akakata uzi wa gunia kwa meno. Chumvi ikaporomoka pipani mpaka gunia likalegea. Makombo akayakung'utia kwenye dumu la mfagiaji, akafunga kifuniko, akamkabidhi.

"Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu," paroko alisema.

"Amina," mfagiaji aliitikia, mdomo ukimtangulia.