Waya Mbili za Ndaki

Mama Athanasie, jirani wa Nyanzala, anaapa kwamba aliona kwa macho yake: kijana mmoja kule Ilembo alikuwa amekaa juu ya pikipiki anavuta vepu, ile sigara ya kuchaji, mara ikalia paa! Kijana akashuka kutafuta meno yake mchangani. "Moshi ulimtokea hadi masikioni," anasema.

Masikioni hapana. Nyanzala anamjua jirani yake kwa kutia chumvi. Lakini habari ile haimtoki kichwani, maana vepu za vijana wengi wa mtaa wao wa Nsemulwa hupita mkononi mwa mumewe.

Mumewe huyo, Ndaki, ni fundi simu, kibanda chake kiko mbele ya nyumba. Kijiwaya cha ndani ya vepu, kile kinachopata moto na kutoa moshi, kikiungua, yeye hukunja kingine kwa mizunguko. Nyanzala huketi pembeni, mtoto wao Mariana mgongoni, akichambua maharage na kuangalia. Mita ya fundi ya kupimia umeme hajui kuisoma. Ila miezi mitatu ya kuangalia imemfundisha: waya ikiwa ndefu, mizunguko minane, moshi hutoka mwembamba, ladha ya embe hubaki embe, na betri haipati joto. Ikiwa mitano, moshi hujaa kibanda, utamu huwa mzito, betri nayo huwa vuguvugu. Ikifika mitatu, embe hunuka sufuria iliyoungua.

Mchana ule Ndaki alifunga waya mbili, zimelala ubavu kwa ubavu, kwenye betri moja.

"Mbona mbili, Baba Mariana?"

"Vijana wanataka moshi. Nikifupisha waya, betri inateseka. Sasa nimeweka mbili ndefu. Wewe si umekulia kwenye jembe la ng'ombe? Ukifunga maksai wanne badala ya wawili, kila mmoja anavuta kidogo. Na hizi zinagawana kazi."

"Mita inasemaje?"

"Mita imeisha betri. Fundi gani anasubiri mita? Nyie mkishapewa umbea na Mama Athanasie, basi hamlali!"

Akabonyeza kujaribu. Wingu zito likatoka, na waya zikalia chwaa kama mafuta ya maandazi. Nyanzala akanyoosha kidole, akagusa ubavu wa vepu, pale betri inapokaa. Akakirudisha upesi na kukilamba.

Hapo akaelewa, na kuelewa kukamtisha kuliko yale meno ya mchangani.

"Umekosea ng'ombe," alisema. "Anayevuta ni betri. Waya ndiyo majembe. Umemfunga maksai mmoja majembe mawili."

"Loo! Profesa wa darasa la saba!" Ndaki akacheka. Lakini alikigeuza kile kidude mara mbili, akakihamishia mkono wa pili, kama mtu aliyeshika kiazi cha moto.

"Unaona? Kinakuunguza."

"Ni joto la jua hili. Mwenyewe anakuja saa tisa. Nivute mara moja tu nijue ladha, siwezi kumpa mtu kitu sijakionja."

Akakipeleka mdomoni. Harufu ya embe haikuwepo tena, ilinuka plastiki. Mariana akapiga chafya mgongoni. Nyanzala akasimama, maharage yakamwagika, akarudi nyuma hadi mlangoni akiwa amemkinga mtoto.

"Baba Mariana, nakuomba. Kitoe mdomoni. Toa betri kwanza, halafu unicheke mpaka kesho."

Ndaki alikuwa amefumba macho, mashavu yamebonyea ndani, kidole gumba bado kimekandamiza kitufe.