Mechi Mia Mbili na Kumi na Mbili

Jumatatu saa nne asubuhi fundi alifungua skrubu za king'amuzi, akapuliza vumbi, akachomoa diski. Ndiyo kazi iliyomweka mjini: ving'amuzi vikichakaa, diski zake huwa bado nzima, na akizifuta zinafaa kwenye kompyuta au kamera za ulinzi. Aliishi peke yake katika chumba cha nyuma ya duka. Siku nyingine, mteja wa kwanza akibisha hodi, ilimbidi akohoe kwanza ndipo sauti itoke.

King'amuzi hiki kililetwa na mwenye duka la vipuri wa mtaa wa pili. Kilikuwa cha mama yake, aliyezikwa mwezi uliopita.

"Futa vyote," alisema. "Hiyo diski uniwekee kwenye mashine hii ya kamera za dukani."

Fundi aliichomeka kwenye kompyuta kuikagua. Ilikuwa na mechi za mpira mia mbili na kumi na mbili, zote za Jumapili, na hakuna hata moja iliyowahi kufunguliwa. Alipoinua macho, mama mmoja mzee alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, rimoti mkononi, kandambili amezivua na kuzipanga vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usinitajie matokeo, tafadhali. Namsubiri mtu."

Fundi akamtengenezea chai. Mama akaeleza kwamba yeye mpira haujui. Hata kuotea ni nini hajaelewa mpaka leo. Ila mwanawe alimwahidi: Jumapili nakuja, tuangalie wote. Hakutokea, basi akamrekodia. Jumapili iliyofuata vilevile.

"Hiyo ni miaka minne, mama."

"Shughuli zimemzidi. Duka halina mtu wa kumwachia."

Mchana fundi alianza kufuta, maana kazi ni kazi. Ilipofika asilimia tatu, mama alianza kupapasa benchi huku akiuliza mwanawe anaitwa nani. Fundi akasimamisha zoezi, akampigia mteja simu.

Mwenye duka alifika upesi, gari akaliacha linanguruma nje. Alimwamkia mama yake, akamshika mkono. Mama akamwona amekonda.

"Kaa basi, tuanze na ile ya kwanza kabisa."

"Leo nimebanwa, mama. Jumapili, bila kukosa."

"Haya. Nitakurekodia."

Mlangoni akamnong'oneza fundi, "Ukimaliza kufuta, nipigie."

"Bado yumo."

"Nimemwona. Lakini kamera nazihitaji."

Gari lilipoondoka, fundi akarudi mezani. Alichomoa diski ya kompyuta yake mwenyewe ya chumbani, akaifunga kwenye mashine ya kamera, akakaza skrubu. Ile ya mama akaiacha pale ilipo.

Jumapili alikuja dereva wa mwenye duka kuichukua mashine. Alimwamkia mama kwa adabu, akatia saini, akaondoka.

"Huyo siye," mama alisema.

"Siye, mama."

Saa kumi mpira ulianza kwenye televisheni ya fundi. Fundi alifunga mlango wa duka, akaja kuketi. Mama alikuwa amejisogeza mpaka mwisho wa benchi, naye fundi akakaa mwisho wa pili. Katikati ilibaki nafasi ya mtu mmoja. Mama akaifuta vumbi kwa kiganja, kisha akaongeza sauti.