Uzinduzi wa Mzinga wa Jerotich

Kati yetu sote tuliosomea ufugaji wa nyuki hapa Turbo, ni mzinga wa Mama Jerotich tu ulioingiwa na nyuki. Tayari alikuwa ameosha mitungi ya asali. Mwenyekiti Birgen akasema lazima uzinduliwe rasmi, maana siku hizi hata choo kinazinduliwa. Akaleta hema, jenereta na spika kubwa, akaziweka chini ya mzinga ili wageni wasikie vizuri somo la kutosumbua nyuki.

"Mwenyekiti, hawa wanataka utulivu," Jerotich akasema.

"Tulia, Mama. Ni hotuba tatu tu."

Katika hotuba ya pili nyuki wote walitoka, wakapita juu ya hema, wakatokomea. Wageni walipiga makofi.

"Wameenda kutafuta maua," Birgen akaeleza.

Jerotich akamsukumia maikrofoni mdomoni.

"Basi waite warudi."