Radi Pia

Fundi mkuu wa kiwanda cha mashine za gemu aliitwa Waya, na jina hilo lilimkaa vizuri: mwembamba, mkavu, ukimgusa vibaya anakupiga shoti. Watu aliowadharau walikuwa wengi, na aliwapanga kwa daraja. Chini kabisa waliketi wateja, ambao kwa maoni yake hawakustahili kuuziwa hata tochi. Juu yao kidogo walikuwa wenye maduka, akiwemo dada yake wa tumbo moja. Lakini dharau yake ya kutokea, ile iliyopigwa pasi, aliwatunzia watu wa ofisi ya masoko.

Ofisi hiyo iliongozwa na mume wa binti wa Mwenyekiti. Mbele yake watu walimwita Mkurugenzi. Akigeuza mgongo tu, aliitwa Mkwe, kwa kuwa ndicho cheti pekee alichokuja nacho kazini. Alinukia vizuri, alitembea kama mtu anayepigwa picha, na kila alipotaka kusema jambo dogo alianza kwa kufumba macho.

Kampuni ilikuwa imejijengea jina kwa mashine moja, Radi, ambayo ilikuwa imeingia karibu kila nyumba yenye watoto na nyingi zisizo na watoto. Sasa Waya na mafundi wake walikuwa wamemaliza nyingine. Haikuwa Radi iliyopakwa rangi. Ilikuwa mashine mpya kuanzia bodi hadi feni, na feni yenyewe, iliyobuniwa na msaidizi wake, mama mmoja mpole mwenye vidole vya mshonaji, ilizunguka bila kusikika. Picha zake zilikuwa safi kiasi kwamba mto ukitokea kwenye skrini unataka kukunja suruali.

Kikao cha kuipa jina kiliitishwa, na Waya akaalikwa. Alikwenda na bisibisi mfukoni, akakaa karibu na mlango ili awahi kutoka.

Mkwe alifumba macho. "Radi imeshakaa moyoni mwa watu," alisema. "Kwa nini tuanze upya? Tunachukua upendo ule ule, tunauongezea kidogo tu." Akafunua karatasi kubwa ukutani. Iliandikwa: RADI PIA.

Mhasibu ndiye aliyejikaza kuuliza. "Samahani, Mkurugenzi. Pia ile ya kuzungusha?"

"Pia ya vilevile," alijibu Mkwe, kwa upole wa mtu anayemweleza mgonjwa. "Una Radi? Basi sasa una Radi, pia. Ni jina lenye ukarimu."

Mtu mmoja akapiga makofi, na wengine, wakikumbuka nani kamuoa nani, wakafuata. Kisha Mkwe akamgeukia Waya. "Fundi wetu anasemaje? Mtoto ni wako."

Waya alikuwa amelisikia lile jina, na alijua ni la hovyo. Lakini kujadiliana na wale watu kuhusu majina aliona ni sawa na kubishana na jogoo kuhusu saa. Alibetua mdomo. "Iiteni hata Sufuria. Mashine nzuri inajiuza."

Watu walicheka, Mkwe akacheka kuliko wote, na katibu akaandika kwamba fundi mkuu hana pingamizi.

Ikazinduliwa. Boksi lilikuwa jeupe kama la Radi ya zamani, na neno "pia" lilikuwa limebanwa chini ya lile kubwa, dogo kama chungu aliyepotea njia. Watu hawakuigusa. Ghala likajaa hadi mabunda ya karatasi yakahamishiwa koridoni. Mkwe, badala ya kuangalia boksi, aliangalia karakana. Akasema mashine ni nzito. Akasema feni yake ina kelele, wateja wanalalamika.

"Wateja gani?" Waya aliuliza kwenye simu. "Aliyenunua ni nani hata alalamike?"

Lakini barua ilishatoka. Yule mama aliyebuni feni aliondolewa karakana, akapelekwa ghalani kubandika lebo. Alikusanya vifaa vyake. Waya alisimama mlangoni akitafuta la kumwambia, na kwa kuwa hakuwa na mazoezi ya kusema mambo mema, alimwambia, "Hawana akili hawa." Yule mama akaitikia, "Ndiyo, bosi," akapita.

Kesho yake Waya alikwenda dukani kwa dada yake. Alikwenda kujionea ujinga wa wateja kwa macho yake mwenyewe, ili hasira yake ipate chakula. Dada yake alikuwa nyuma ya kaunta ya kioo, akibadilisha betri ya rimoti ya mteja.

"Kaka! Umepotea njia au unaumwa?"

"Mashine yangu iko wapi?"

"Ipi?"

"Ipi! Radi Pia."

Dada alinyoosha kidole bila kuinua kichwa. Waya alitazama. Boksi zake zilikuwa kwenye rafu ya mwisho, kati ya chaja na waya za kuongezea umeme.

Kabla hajafungua kinywa, akaingia baba mmoja na binti yake. Binti alionyesha boksi. Baba akalichukua, akaligeuza. "Hii inachomekwa wapi kwenye Radi?" aliuliza.

"Haichomekwi popote," alidakia Waya. "Ni mashine mpya."

"Mimi Radi ninayo tayari."

"Hii siyo Radi!"

Yule baba akasoma boksi tena, kwa sauti, neno kwa neno, kisha akamtazama Waya kwa huruma. "Imeandikwa Radi, ndugu yangu."

"Imeandikwa Radi Pia! Kusoma pia ni kazi? Mtu mzima mwenye ndevu anashindwa na herufi tatu?"

Baba aliliweka boksi taratibu, akamshika binti yake mkono, wakatoka. Dada mtu akaacha rimoti.

"Sikiliza, kaka. Nyumbani kwa mama unatufokea, tunakuacha. Hapa ni dukani kwangu. Yule ni mteja wangu wa siku zote."

"Na wewe umeiweka mashine yangu na chaja!"

"Niiweke wapi? Si ni kile kitu cha kuongezea kwenye Radi?"

Waya alimkodolea macho. Dada yake hakuwa anatania. Miaka yote ile aliyokuwa akiijenga, walikuwa wakila meza moja kwa mama yao, na hakuwahi kumwambia anajenga nini, kwa sababu aliona ni kupoteza mate. Alitaka kumwita mjinga. Neno lilifika mdomoni, likakwama, kwa sababu mtu wa kwanza aliyelijua jina lile ni la hovyo, na akalipitisha kwa mzaha, alikuwa amesimama hapo hapo na bisibisi mfukoni.

Siku hiyo hiyo alipanda kwa Mwenyekiti bila miadi. Mkwe alikuwa huko, kama kawaida yake.

"Badilisheni jina," alisema Waya. "Na boksi. Watu wanadhani ni kifaa cha kuongezea."

"Kubadilisha jina ni kukiri tumekosea," alisema Mkwe. "Na kikaoni wewe mwenyewe ulisema iitwe hata Sufuria."

"Nilisema. Nilikuwa nawadharau. Bado nawadharau, lakini jina ni baya."

Mwenyekiti, mzee mnene asiyependa kelele, alikuna shingo. "Hebu subirini. Mke wangu juzi alikwenda kumnunulia mjukuu hiyo mpya. Akarudi na Radi ya zamani. Nikamwambia umekosea, akanijibu, nimekosea nini, si Radi pia?" Alimtazama mkwe wake kwa muda mrefu. "Nikacheka. Sikujua kwamba nacheka hela yangu."

Mashine zilirudishwa kutoka madukani, zikavalishwa boksi jeusi na kuitwa Tufani. Ndani hakikuguswa kitu, hata skrubu. Watu wakapanga foleni mpaka barabarani. Kampuni ikafanya hafla ya kupongezana, na aliyepewa tuzo ya ubunifu ni Mkwe, kwa kubuni jina la Tufani. Alifumba macho, akasema jina ndilo roho ya bidhaa. Waya alikula karanga zote za meza yake na za meza ya jirani ili asipige makofi. Jambo moja tu ndilo alilopigania, na akalipata: yule mama wa feni alirudi karakana. Alipofika, Waya alimvutia kiti mwenyewe. Mama akakitazama kile kiti kwa mashaka kabla ya kukikalia.

Wiki chache baadaye Waya alikuwa tena dukani kwa dada yake, safari hii kwa ruhusa, kwa sharti la kunyamaza. Akaingia mwanamume mmoja amekumbatia Radi Pia, mmoja wa wale wachache walioinunua. Alitaka kuiuza kwa bei yoyote, aongezee apate Tufani.

Waya alivunja sharti. "Ndugu, usijitie hasara. Ni kitu kile kile."

"Mzee, usinidanganye."

"Nimeitengeneza mimi."

Mwanamume alimtazama dada mtu, kama anayeuliza huyu mgonjwa mmemtoa wapi. Waya akachukua ile Radi Pia, akafungua skrubu, akaiweka wazi juu ya kaunta. Akafungua na Tufani, akaiweka kando yake. Bodi zilifanana kama pacha, feni kwa feni. Yule mwanamume aliinama, akaangalia moja, akaangalia nyingine, kwa makini ya mtu mwenye akili timamu.

"Kweli zinafanana," alikubali. Kisha akagonga boksi jeusi kwa ukucha. "Lakini hii ni Tufani."

Waya alisubiri dharau ipande kama ilivyozoea. Ilipanda, ila ilipofika kooni haikujua imtemee nani. Alifunga mashine zote mbili, skrubu kwa skrubu, akamkabidhi mwanamume boksi jeusi.

"Mfungie vizuri huyu," alimwambia dada yake. "Ana safari."

Mwanamume alipotoka akifurahi, dada aliangua kicheko hadi akashika kaunta. Waya hakucheka. Alivuta kiti upande wa ndani, akakaa.

"Anayefuata mwache nimuulize mimi," alisema. "Nataka kujua gemu wanacheza na nani."