Meno ya Zimwi

Fundi wa meno bandia alishangaa mama mkwe wake alipomwomba wafuatane makumbusho, kutazama mavazi na vifaa vya sinema za majini na mazimwi. Bibi huyo hakuwa mtu wa sinema. Televisheni ikiwashwa, yeye husinzia kabla habari hazijaanza. Lakini Jumamosi hiyo saa tatu asubuhi alikuwa tayari mlangoni, mkoba kwapani, akimhimiza mkaza mwanawe kama anayewahi treni.

Chumba cha kwanza kilikuwa na panga za plastiki zilizopakwa rangi ya fedha. Cha pili kilikuwa na joho la mfalme, limeunguzwa na pasi mgongoni. Mama mkwe hakutazama chochote. Alinyoosha moja kwa moja hadi chumba cha tatu, akasimama mbele ya zimwi refu kama mlango, lenye manyoya ya kamba na kinywa wazi.

"Wamelikondesha," akanong'ona.

Fundi akasimama kwa ncha za vidole kuchungulia kinywani, maana kazi ni kazi. Akaganda. Meno ya juu yalipakwa manjano, lakini chonge ya kushoto ilikuwa imepinda kidogo kwa ndani. Aliipindisha yeye mwenyewe miaka minne iliyopita, kwa sababu mteja wake alitaka meno yafanane na yale ya ujanani. Mteja huyo alikuwa amesimama kando yake, anatazama dari.

"Mama, haya si meno yako?"

"Yanafanana tu. Duniani wawili wawili."

"Hao ni watu, Mama, si meno. Na wewe uliniambia yako yalitumbukia chooni, msibani kwa binamu yako!"

"Usisogee hapo!" mlinzi akapaza sauti.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," fundi akamjibu bila kugeuka. "Hili linanijua."

Mlinzi akamwita msimamizi wa maonyesho, naye akaja na daftari, akasoma: "Kifaa namba mia mbili na kumi na mbili. Meno ya zimwi. Yamechongwa na mafundi watano kwa miezi mitatu."

Hapo ndipo fundi alipopandwa na hasira. "Watano? Niliyachonga peke yangu, Jumatatu na Jumanne!"

"Una ushahidi?"

Mama mkwe alikuwa amechoka na maneno. Akatoa meno aliyovaa, akamkabidhi mlinzi, naye akayapokea kwa mikono miwili asijue pa kuyaweka. Kisha akachomoa ya zimwi, akayafuta kwa leso, akayatia kinywani. Yakakaa, tak! Akavuta pumzi, akanguruma.

Watoto watatu wakashangilia. Baba yao akajificha nyuma yao.

"Ndiye!" mmoja akapiga kelele. "Ndiye zimwi la kwenye sinema!"

Siri ikamwagika. Binamu alizikwa siku moja, lakini mama mkwe aliomboleza wiki mbili. Kumbe nje ya makaburi alikutana na watengeneza sinema wakitafuta mtu mrefu mwenye sauti nzito. Meno yao ya plastiki yaliruka kila zimwi liliponguruma, yake yalipotiwa mahali pake hayakutikisika. Siku ya mwisho walipomvua kichwa cha zimwi, meno yakabaki humo, naye akaona haya kuyadai.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Mama mkwe mzima nikuambie nimekuwa zimwi? Ungesema ulishajua siku nyingi."

Fundi akageuka haraka, akajishughulisha na ufizi wa zimwi.

Msimamizi akatangaza kwamba kifaa hakiruhusiwi kutoka nje ya jengo.

"Basi na mimi sitoki," mama mkwe akasema, akaketi juu ya jiwe lililotengenezwa kwa boksi, miguuni mwa zimwi.

Watu wakapanga foleni kupiga naye picha. Msimamizi akaandika daftarini kwamba kifaa namba mia mbili na kumi na mbili kipo, ndani ya bibi. Saa kumi alasiri akasalimu amri: Mama aende na meno yake, fundi alichongee zimwi mengine, na kibao cha maelezo kiandikwe upya: fundi mmoja, siku mbili.

Jumatatu fundi alikuja na plasta ya kuchukulia vipimo na taa yake. Zimwi lilitulia kuliko wateja wake wote. Msumbufu alikuwa mama mkwe, aliyesimama begani kwake akiagiza.

"Mwanangu, liwekee na ulimi. Nilipata shida sana kuzungumza humo ndani."

"Kwani lilikuwa na la kusema, Mama?"

"Mengi tu," mama mkwe akasema. "Wakayakata yote."