Jumanne ya Akiba

Ijumaa saa kumi alasiri, Fundi aliiweka pasi juu ya gauni la bibi harusi, kifuani hasa, akaiacha hapo, akaenda kuchota maji. Alichota taratibu. Aliporudi, chumba cha ushonaji kilikuwa kimejaa moshi na hariri ina alama ya pasi, nyeusi tii. Harusi ilikuwa kesho yake saa nne asubuhi.

Tusidanganyane, hakusahau. Alikuwa na kijiba cha roho juu ya mdogo wake, ambaye wateja walimwita Mipango. Mkubwa alishona, mdogo alipokea wateja na sifa. Mipango alikuwa na sindano za akiba, mkanda wa cherehani wa akiba, taa ya akiba, hata mwavuli wa akiba wa kuwaazima wateja. Umeme ukikatika, yeye anatabasamu. Mama yao hakuchoka kusema: "Tahadhari kabla ya hatari. Muone mwenzio." Miaka ishirini ya muone mwenzio. Fundi alitaka amuone huyo mwenzio akihangaika mara moja tu, basi, roho yake itulie.

Mipango alilitazama gauni. Alipanda kwenye stuli, akashusha kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati, akatoa Jumanne moja iliyokunjwa vizuri na kuikung'uta mlangoni.

Kwa hiyo baada ya Ijumaa ile ikaja Jumanne, na Jumamosi ikasubiri zamu yake. Jua lilichomoza limefifia kidogo, likinuka vile vidonge vya kufukuzia mende kabatini. Watu walikwenda kazini. Muuza magazeti aliuza ya jana, na wateja wakalalamikia habari zilezile. Fundi alinunua hariri nyingine, akakaa kwenye cherehani tangu asubuhi hadi magharibi. Mchana aliona goti lake lina mchubuko mbichi wa kitoto, na ulimi wake ukawa unachezea pengo la jino lililokwisha kuota zamani. Akaendelea kupinda pindo.

Jumamosi bibi harusi alimkumbatia Mipango, akamwambia yeye ndiye mtu wa kutegemewa.

Wivu ulimpanda Fundi. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yao, akamkuta anaanua nguo, akamuuliza kwa nini alimfundisha mdogo peke yake kuweka siku.

"Sikumfundisha," mama alisema. "Nilimpa. Zenyewe ni zako."

Akaeleza huku anatoa vibanio kwenye kamba. Fundi alipokuwa na miaka saba, kila Jumanne alibakizwa nyumbani kumlea mdogo wake ili mama aende kazini. Shuleni, Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya somo jipya. Wenzake wakasonga mbele, yeye akaachwa, mwishowe akawekwa kwenye cherehani. Lakini siku zile zilikuwa nzima kabisa, hazijaguswa, na mama hakuwa mtu wa kutupa kitu kizima. Alizikunja.

"Na mbona hukunipa mimi?"

"Ungezifanyia nini, mwanangu? Mwenzio ndiye aliyesoma. Ndiye anayejua kupanga."

Fundi alirudi kwenye chumba cha ushonaji, akamwomba mdogo wake Jumanne moja, moja tu, hata ile iliyokunjika vibaya. Mipango alifungua kopo, akahesabu. Zilibaki tisa.

"Ningekupa, Dada," alisema, na alimaanisha. "Lakini gauni likiungua tena je?"

Kwa kuwa Fundi ndiye mrefu, aliombwa alirudishe kopo juu ya kabati. Alikaza kifuniko barabara, unyevu usiingie.

Tangu hapo, kila anapokwenda kuchota maji huchomoa pasi kwanza, kisha hurudi mlangoni kuhakikisha. Mama amemsifu. Anasema hatimaye ameanza kumuiga mwenzie.